Gari Linapolia Miguu

Mlio wa kukwaruza unaotoka chini ya gari, ule unaosikika linapovuka tuta au linapoinamia upande mmoja kwenye kona, huzaliwa pale vitu viwili vinavyogusana vinaponata, vikaachiana ghafla, kisha vikanata tena, mara mamia kwa sekunde. Uzi wa zeze la Wagogo wa Manyoni hulia kwa kanuni hiyohiyo: upinde huunasa uzi, huuvuta kidogo, huuachia, huunasa tena. Chini ya gari, kinachofanya kazi ya upinde ni raba iliyokauka, chuma kilichoshika kutu, au grisi iliyogeuka tope la mchanga.

Kazi ya sasipensheni, ambayo gereji nyingi huiita miguu ya gari, ni kuyaacha magurudumu yapande na kushuka kufuata barabara huku bodi ikitulia. Kwa hiyo mikono ya chuma inayolishika gurudumu ni lazima icheze kwenye maungio yake. Pengine ungio ni bushi: bomba dogo la chuma ndani ya bomba kubwa zaidi, na katikati yake raba iliyogandishwa kwenye vyuma vyote viwili. Pengine ni bolijointi: tufe la chuma linalogeuka ndani ya kikombe chenye grisi, likafunikwa kwa kofia ya raba. Juu ya shokapu ya mbele hukaa maunti yenye beringi yake, na nyuma ya magari ya mizigo hukaa springi za bapa zilizolaliana. Kila ungio lina namna yake ya kulia, na dawa inayoliponya moja huliharibu jingine. Ndiyo maana kuutafuta mlio ni kazi kubwa kuliko kuunyamazisha, na fundi anayepulizia mafuta kabla ya kujua sauti inatoka wapi huwa ameufuta ushahidi aliouhitaji.

Mkoa wa Singida una kila kitu kinachoyaliza magari. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili, na miezi inayofuata ni ya ukavu, upepo na vumbi. Udongo wa sehemu kubwa ya mkoa ni wa kichanga, umetokana na miamba ya itale inayoonekana imejitokeza hata katikati ya mji wa Singida, na ndani ya mchanga huo mna chembe za kwatzi, madini magumu kuliko chuma cha kawaida. Chembe hizo zikipenya kwenye kofia ya raba iliyochanika huwa msasa. Asubuhi za Juni na Julai nazo ni za baridi katika nyanda hizi zilizo karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na raba ya baridi ni ngumu kuliko raba iliyopata joto. Dereva atasikia gari likilia alfajiri linapotoka nyumbani, kisha likanyamaza jua likishapanda.

Barabara zenyewe huongeza mzigo. Kwenye lami itokayo Dodoma kwenda Nzega, kupitia Manyoni, Ikungi, Singida na Shelui, makazi mengi yana matuta na rasta, na kila tuta huikunja miguu ya gari hadi karibu na mwisho wake. Nje ya lami, kwenye changarawe za vijijini Mkalama, Ikungi na Itigi, adui ni yale mawimbi madogo yanayojipanga kukatiza barabara wakati wa kiangazi. Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walionyesha katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kwamba mawimbi hayo hujijenga hata gurudumu likiwa halina springi kabisa, mradi mwendo umevuka kiwango fulani. Hayatokani na uzembe wa dereva mmoja, na greda likiyafuta hurudi. Gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa juu ya mawimbi yaliyoachana kwa sentimita 70 hupigwa karibu mara 16 kila sekunde. Katika nusu saa ya mwendo huo, bushi moja huwa imepindishwa zaidi ya mara 28,000.

Kabla ya kuingia chini ya gari, sauti yenyewe inafaa isikilizwe vizuri. Kulia ni habari ya msuguano. Kugonga ni habari ya nafasi: bolti imelegea, tufe limekula kikombe chake, au bushi imekwisha hadi chuma kinapiga chuma. Mvumo unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, hata kwenye lami laini, kwa kawaida ni wa beringi ya gurudumu au wa tairi. Mlio unaojirudia kwa kila mzunguko wa gurudumu, ukabadilika au kukoma breki inapoguswa kidogo, ni wa pedi na diski au wa breki shuu na drami. Mlio unaosikika gari likiwa limesimama na injini inanguruma, bila mtu kuligusa, mara nyingi ni wa mkanda wa injini. Sauti ya miguu huja pale miguu inapocheza: kwenye tuta, kwenye kona, abiria wanapopanda na kushuka, au usukani unapozungushwa.

Dereva mwenyewe anaweza kupunguza sana eneo la kutafuta. Akivuka tuta dogo pole pole kwa magurudumu ya kushoto tu, kisha ya kulia tu, atajua upande. Akiangalia kama mlio unakuja mbele inapopanda au nyuma inapofuata, atajua ekseli. Akizungusha usukani gari likiwa limesimama na kusikia mlio au mtikisiko wa springi inayojiachia, ataanza kuishuku maunti ya juu au bolijointi, maana stabilaiza (nondo inayounganisha miguu ya kushoto na ya kulia) na bushi za nyuma hazisogei kwa usukani peke yake. Inafaa pia kukumbuka kama gari lilikuwa tupu au limebeba. Bushi za ekseli ya nyuma za magari ya abiria kama Noah au IST, kwa mfano, zinaweza kukaa kimya likiwa na dereva tu, zikaanza kulia watu wanne wakiketi.

Gereji, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yote manne mahali tambarare, mtu mmoja hukandamiza kona ya bodi na kuiachia, mara kadhaa, huku mwingine amechutama kando akisikiliza. Hiace ni rahisi zaidi, kwani mtu akipanda na kushuka kwenye kikanyagio cha nyuma huichezesha springi yote. Sauti chini ya gari hudanganya, kwa sababu chuma huisafirisha. Mlio wa bushi ya kushoto unaweza kusikika katikati. Bomba jembamba la chuma, ncha moja ikigusishwa kwenye kila ungio na nyingine ikiwekwa karibu na sikio, husaidia kutenga lililo na kelele. Mkono ukiwekwa juu ya springi ya mbele wakati mtu mwingine anazungusha usukani husikia waziwazi springi inayokwama na kujiachia, ila vidole vikae nje, kamwe visiingie katikati ya mizunguko yake.

Kipimo bora kuliko vyote hakigharimu kitu: chupa ya maji yenye kitundu kwenye kizibo. Fundi humwagia maji bushi moja, gari likakandamizwa tena, na kama mlio haukubadilika anakwenda kwenye bushi nyingine. Raba iliyolowa huteleza kwa dakika chache, hivyo ile ambayo maji yakiifikia sauti inakoma ndiyo yenye tatizo. Ni muhimu kumwagia moja kwa wakati. Anayepulizia miguu yote kwa mpigo ataambulia kimya kisichomfundisha kitu. Kuteleza huko kwa raba iliyolowa ndiyo sababu magari mengi ya Singida huonekana kupona wakati wa masika, kisha maradhi yakarudi mwezi Mei barabara zikikauka.

Mara nyingi kinachopatikana na hatia kwa mlio wa mwendo mdogo ni bushi za stabilaiza, zile raba mbili zinazoishikilia nondo inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia. Vumbi huingia kati ya raba na nondo, nondo hushika kutu, na kila bodi inapoinama nondo hujisugua. Mlio huu unaudhi lakini hauhatarishi maisha, na dawa yake ni nafuu kuliko nyingine zote za miguu. Bushi hufunguliwa, nondo husuguliwa kwa msasa hadi ing'ae, na bushi mpya hufungwa. Unene wa nondo upimwe kwanza, maana gari la aina moja linaweza kuwa limetoka kiwandani na nondo za unene tofauti, na bushi iliyozidi milimita moja tu italegea na kuanza kugonga. Linki za stabilaiza, zile fimbo fupi zenye vitufe kwenye ncha, zikikauka hulia pia, lakini dalili yao ya kawaida ni kugonga kwenye mawimbi madogo ya barabara.

Bushi za wishiboni, ile mikono ya chuma inayolishika gurudumu, na za ekseli ya nyuma zinataka maelezo zaidi, kwa sababu huweza kuharibiwa na matengenezo mabaya kama zinavyoharibiwa na barabara. Bushi ya aina hii haikuumbwa iteleze. Raba imeshikamana na chuma cha ndani na cha nje, na mkono unapopanda, raba hujipinda na kurudi. Ikilia, maana yake ni kwamba imeachana na chuma au imepasuka, na sehemu zisizopaswa kusuguana sasa zinasuguana. Hakuna mafuta yanayoweza kuiunganisha tena. Mtaimbo ukiingizwa kando ya mkono na kusukumwa kidogo, nyufa hufunguka na kuonekana. Bushi nzima hujivuta kwa shida na kurudi mahali pake.

Bushi mpya huingizwa kwa mashine ya kukandamiza. Nyundo hulipindisha ganda lake. Kisha inakuja hatua inayoamua kama itadumu. Gari likiwa juu ya jeki, gurudumu huning'inia na mkono huelekea chini. Fundi akiikaza bolti hadi mwisho katika hali hiyo, chuma cha ndani cha bushi hubanwa kikiwa kimeelekea chini pamoja na mkono. Gari likishushwa, mkono hupanda hadi mahali pake pa kawaida na raba hubaki imepindwa saa zote, hata gari likiwa limeegeshwa. Raba iliyokwishapindwa ina nafasi ndogo ya kuvumilia tuta, na huchanika mapema. Njia sahihi ni kuishikiza bolti tu gari likiwa juu, kulishusha likae kwa magurudumu yake, kulitikisa kidogo litulie, kisha kukaza hadi mwisho uzito wote ukiwa chini. Baadhi ya bushi zinazolaumiwa kuwa feki zilikuwa nzima. Zilikazwa vibaya.

Mlio wa bolijointi ndio usiopaswa kunyamazishwa kabisa kabla ya kupimwa. Bolijointi inalia pale grisi yake inapokuwa imekauka au imechanganyika na maji na mchanga uliopitia kofia iliyochanika, na tangu hapo tufe linakula kikombe chake. Wapo wanaochoma kofia kwa sindano na kusukuma grisi ndani. Sauti hukoma, dereva hushukuru, lakini nafasi iliyokwishalika haijazibika, na tundu la sindano limebaki kuwa mlango mwingine wa vumbi. Siku tufe linapochomoka kwenye kikombe, gurudumu la mbele hulala chini ya gari na usukani hauna kazi tena. Likitokea hilo kwenye mteremko wa Sekenke, kati ya Misigiri na Shelui, ambako malori yaendayo Mwanza na Rwanda hushuka yakiwa yamefuatana, athari yake haiishii kwa gari moja.

Kuipima bolijointi ni kutafuta nafasi. Kwenye magari kama Noah na IST, ambayo springi yake ya mbele imekaa juu ya shokapu, bodi huinuliwa gurudumu likaning'inia, kisha mtaimbo ukaingizwa kati ya mkono wa chini na kitovu cha gurudumu. Ikionekana au kusikika kucheza kwa juu na chini, imekwisha. Kwenye magari ambayo uzito hushukia kwenye mkono wa chini wenyewe, jeki huwekwa chini ya mkono huo ili ungio lipumue. Ukiinua bodi, springi itaendelea kulibana na ubovu utajificha. Magari makubwa na baadhi ya magari magumu ya shamba yana nipo za kupokea grisi kwenye maungio yake, na hayo kweli hutibiwa kwa grisi, tena mara kwa mara wakati wa kiangazi, ikisukumwa hadi ile chafu itoke yote na safi ianze kuonekana.

Mpangilio wa springi juu ya shokapu, uliobuniwa na Mmarekani Earle MacPherson miaka ya 1940, una tabia moja: usukani ukigeuzwa, shokapu na springi hugeuka pamoja na gurudumu. Beringi iliyo kwenye maunti ya juu ndiyo inayoruhusu mgeuko huo. Ikijaa vumbi au kutu, springi hugoma, hujisokota, kisha hujiachia kwa mlio au mshindo unaosikika hadi kwenye usukani. Maunti hubadilishwa pamoja na beringi yake, na ni busara kubadilisha pande zote mbili. Kazi hii haifai kujaribiwa nyumbani. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua, na hufunguliwa kwa kibanio chake maalumu peke yake. Kamba, waya na minyororo vimekwishawaumiza mafundi.

Springi za bapa, za nyuma ya Hiace, Canter, Fuso na Land Cruiser za mizigo, zina haki ya kulia kidogo, kwa kuwa kusuguana kwa bapa zake ni sehemu ya kazi. Tatizo huanza kutu na mchanga vinapojaa katikati, springi ikawa ngumu na mlio ukawa wa kudumu. Gari linalopakia alizeti au vitunguu kuzidi uwezo wake huongeza jambo la pili, bapa kukatika, na ufa hujitokeza mara nyingi karibu na sentabolti inayozifunga bapa katikati au chini ya yu-bolti zinazoishika springi kwenye ekseli, mahali ambapo tope huuficha. Kwa hiyo springi ioshwe kwanza ndipo ikaguliwe. Dawa ya kweli ni kuifungua yote, kuzisugua bapa kwa brashi ya chuma, kuzipaka grisi yenye grafaiti, kurudisha vipande vya plastiki kwenye ncha zake kama vilikuwepo, na kuangalia bushi na mapini ya shekeli inayoshika ncha ya springi.

Wengi hukwepa kazi hiyo kwa kopo la oili chafu na brashi. Springi hunyamaza kwa siku chache, kisha oili inakusanya vumbi, vumbi na oili vinakuwa tope la kusagia, na bapa zinalika kuliko mwanzo. Dizeli inayopulizwa chini ya gari baada ya kuoshwa ina madhara mengine. Raba ya asili, inayopendwa kwenye bushi kwa sababu hufyonza mtikisiko vizuri, hunywa mafuta ya petroli na jamii yake, huvimba, hulainika na mwisho kumeguka. Mafuta ya alizeti, yaliyo jirani katika kila nyumba ya Singida, nayo si dawa, kwani yakikaa hewani huganda na kuwa utando unaonata, na kunata ndiko kulikoanzisha mlio. Kwa raba kilicho salama ni grisi ya silikoni au dawa ya kupuliza ya silikoni, nayo hufaa kwa bushi za stabilaiza tu au kama nafuu ya muda. Maji ya maziwa Singidani na Kindai nayo yasitumike kuoshea chini ya gari, kwani chumvi yake huharakisha kutu.

Katika kununua spea, umri wa raba una uzito kuliko mwonekano wake. Gari lililotoka Japani likiwa na miaka 15 lina bushi za miaka 15 hata kama kilomita zake ni chache, maana hewa huizeesha raba iwe inatumika au imelala. Mkono wa chuma wa mtumba ulionyooka na usio na kutu unaweza kuwa mali nzuri. Bushi ya mtumba, hapana. Na bushi mpya iliyokwisha kuwa na nyufa ndogo rafuni irudishwe kwa muuzaji.

Hakuna hata moja ya kazi hizi inayofanyika gari likiwa juu ya jeki peke yake. Stendi huwekwa chini ya chasisi, magurudumu yaliyobaki chini huzuiwa kwa vigingi mbele na nyuma, na kwenye uwanja wa mchanga, kama zilivyo gereji nyingi za wazi, kipande cha ubao mnene hulazwa chini ya jeki na ya kila stendi ili visizame. Kazi ikiisha, gari hupitishwa kwenye tuta lilelile lililoonyesha mlio, kwa mwendo uleule na mzigo uleule. Kama wishiboni, bolijointi au tairodi ya usukani imebadilishwa, alaimenti ya magurudumu hupimwa kabla ya safari ndefu, vinginevyo tairi mpya zitalika upande mmoja. Yu-bolti za springi za bapa hukazwa upya baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, kwa sababu bapa zilizosafishwa hujipanga zikikandamizwa, na bolti iliyokuwa imekaza mjini Singida inaweza kufika Manyoni imelegea.